Haki ya Mzee na Karatasi Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Waislamu wa Lurujo)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Kamati imeniomba niseme juu ya jambo ambalo huzungumzwa sana barazani na kidogo sana mikutanoni: kodi ambazo Serikali humsamehe mtu wakati wa dhiki, na fedha ambazo Serikali humpa mtu asiyejiweza. Sikuja kuisifu Serikali, wala sikuja kuilaumu. Nimekuja kusema kwamba msaada huo, uwe mdogo au mkubwa, hupita katika karatasi kabla haujafika nyumbani kwa mtu, na kwamba sisi Waislamu wa upande huu tuko nyuma sana katika mambo ya karatasi. Wapo wazee wetu wanaokosa haki yao si kwa sababu sheria imewanyima, bali kwa sababu ya tarakimu mbili zilizoandikwa vibaya juu ya kadi.

Babu zetu waliijua Serikali kwanza kwa njia ya kodi. Nchi hii ilikuwa chini ya Wabelgiji katika ile sehemu iliyoitwa Lado, ikaingia mikononi mwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 ikatiwa katika Uganda, ndipo Bwana Weatherhead akaweka boma Arua. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na huku hapakuwa na zao la kuuza lenye kuleta fedha ya maana. Basi vijana wakashika njia, wakaenda kukata miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi, na wengine wakaingia katika jeshi la KAR. Mtu alikaa mbali na mkewe mwaka mzima ili apate kuleta tikiti ya kodi.

Tazameni ajabu hii. Mwezi wa Agosti 1946 Serikali ya Uingereza ilianza kuwalipa wazazi wa kwao shilingi 5 kila wiki kwa kila mtoto baada ya yule wa kwanza, kwa kuwa vita vilikuwa vimewaacha watu katika shida. Mwaka huo huo Serikali hiyo hiyo ilikuwa ikimtoza kodi baba wa huku, wala haikumuuliza ana watoto wangapi. Sisemi hivi ili kuamsha chuki ya zamani. Nasema ili tujue kwamba posho ya familia si jambo geni duniani, wala si ombaomba. Mataifa makubwa yaliifanya kuwa sheria tangu zamani, ila sisi hatukuhesabiwa.

Baadaye ikaja ile kodi ya daraja, ambayo wengi wetu tuliiita kodi ya kichwa tu. Wakubwa waliketi wakamkadiria kila mwanamume kwa ng'ombe zake, shamba lake na kazi yake. Makadirio hayo ndiyo yaliyoleta fujo kubwa kule Bukedi mwezi wa Januari 1960. Uhuru ulipokuja mwaka 1962 kodi haikuondoka. Asiyelipa aliweza kufungwa, na mnakumbuka wenyewe jinsi wanaume walivyokimbilia porini waliposikia askari wa gombolola wanakuja. Mwaka 2001 kiwango cha chini kiliteremshwa hadi shilingi 3,000, na mwaka 2005 kodi yenyewe ikaondolewa.

Huo ndio msamaha mkubwa kuliko wote tuliopata kuuona katika maisha yetu. Na angalieni jambo moja: msamaha ule haukuhitaji karatasi yo yote. Hakuna aliyeulizwa kitambulisho ili asitozwe, wala hakuna aliyepanga mstari. Ndiyo maana ulimfikia kila mtu, mwenye kusoma na asiyesoma. Misaada iliyokuja baada yake si hivyo.

Jambo la kumsamehe mtu kodi na kumwekea posho lina asili katika dini yetu. Abu Yusuf, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, ameeleza katika kitabu chake cha kharaji kisa cha Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipomkuta mzee kipofu, naye ni Myahudi, akiomba mlangoni pa watu. Alipomwuliza ni lipi lililomfikisha hapo, mzee akataja kodi ya jizya, na haja, na uzee. Sayyidna Umar akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akaamuru mtunza Baytul Mali amwangalie mzee huyo na wengine mfano wake, kwani si insafu mtu kuliwa nguvu zake za ujana na kutupwa katika uzee. Akawaondolea jizya, yeye na wenziwe.

Sayyidna Umar angeweza kumpa mzee yule sadaka akaenda zake, na watu wangemsifu. Hakufanya hivyo. Aliweka kanuni ya watu wote walio katika hali ile, wakiwamo ambao hakupata kuwaona kwa macho. Na kanuni haiendi bila ya daftari. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha Diwani, ambamo yaliandikwa majina ya watu, na kabila zao, na kiasi cha posho ya kila mmoja. Kadhalika katika Mwaka wa Ramada, yaani mwaka wa 18 wa Hijra, njaa ilipoishika Hijazi, aliahirisha kukusanya zaka mpaka nchi ilipopata mvua. Basi mtu asituambie kwamba kuandikwa ni mambo ya Wazungu.

Sasa tuje kwetu, na kwanza tuzungumze juu ya kodi. Yapo maneno yasemwayo kwamba mkulima wa huku halipi kodi, kwa hiyo hana haki ya kudai kitu. Maneno hayo si kweli. Tangu mwaka 1996 iko kodi ya ongezeko la thamani, ambayo sasa ni 18 katika kila mia, nayo imo ndani ya bei ya sabuni anayonunua mjane wa Lurujo sawasawa na ilivyo katika bei ya sabuni anayonunua tajiri wa Kampala. Vyakula visivyotengenezwa kiwandani, kama muhogo, mtama na maharagwe, vimesamehewa. Lakini hakuna nyumba inayoishi kwa muhogo bila ya sabuni.

Wafanya biashara wadogo nawaomba wasikilize hapa, kwa kuwa wengi hulipa wasichodaiwa. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2020, mtu ambaye mauzo yake ya mwaka mzima hayazidi shilingi milioni 10 hadaiwi ile kodi ya mapato ya wafanya biashara wadogo. Akipita hapo asifike juu ya milioni 30, naye hana hesabu iliyoandikwa, hudaiwa shilingi 80,000 kwa mwaka. Lakini akiwa na hesabu, hudaiwa kiasi cha 0.4 katika mia ya kile tu kilichozidi milioni 10. Mathalan, aliyeuza vitu vya milioni 20 na daftari analo, atalipa 40,000; jirani yake aliyeuza kiasi kile kile bila ya daftari atalipa 80,000. Tofauti hiyo ni bei ya uvivu wa kuandika. Leseni ya biashara ni jambo lingine, na hiyo hulipwa kwa halmashauri. Msichanganye mambo mawili hayo, maana wako wajanja wanaopita madukani na kuyachanganya kwa makusudi.

Mwenye mshahara husamehewa kodi kwa shilingi 235,000 za kwanza za mwezi, kiwango kilichowekwa mwaka 2012. Sheria yetu haimwulizi kama ana mtoto mmoja au kumi. Kenya, maradhi ya Korona yalipoingia, mwezi wa Aprili 2020 walimwondolea kodi yote kila mwenye mshahara usiozidi 24,000 za kwao. Sisi hatukupata msamaha wa namna hiyo. Ile kodi ya huduma inayokusanywa na halmashauri tangu mwaka 2008 haimhusu mkulima anayelima chakula chake, wala asiye na kazi, wala mwenye mshahara usiofika 100,000 kwa mwezi. Nayataja haya kwa upesi, kwa kuwa wengi wa waliohudhuria hapa si watu wa mshahara.

Lililonileta hasa ni fedha za wazee.

Mpango huo, ambao watu huuita kwa jina la SAGE, ulitungwa mwaka 2010 na kuanza kulipa mwaka uliofuata katika wilaya chache za majaribio. Upande wetu wa West Nile zilikuwamo Nebbi na Zombo. Waliolipwa walikuwa watu wa miaka 65 na kuendelea, na kule Karamoja miaka 60. Ulipoenezwa nchi nzima katika mwaka wa fedha wa 2020/21, umri ulipandishwa hadi miaka 80. Kiasi chake ni shilingi 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka mzima. Mtu anayeketi ofisini ataona ni fedha ya kucheka. Lakini muulizeni bibi anayelea wajukuu wanne walioachwa na marehemu mwanawe, atawaambia kwamba ni chumvi na sabuni, na daftari za shule, na dawa ya presha.

Miaka 80 ni mingi. Zanzibar walipoanzisha pensheni ya wazee mwezi wa Aprili 2016, wakitoa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, waliweka miaka 70. Kenya nao mwaka 2018 waliwafungulia mlango wazee wote wa miaka 70, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Sisi tumeambiwa tungoje miaka kumi zaidi, na katika miaka kumi hiyo wengi wa rika letu huwa wamekwisha zikwa. Hayo yanafaa kupelekwa kwa Mbunge kwa adabu, wala si kwa minong'ono. Ipo pia ruzuku ya vikundi vya wazee wa miaka 60 hadi 79 wenye mradi, kama ufugaji au biashara ndogo, nayo huombwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola. Lakini hiyo ni ya kikundi, si ya mtu mmoja.

Basi tuseme mzee amefika miaka 80. Je, atalipwa? Hatalipwa kwa sababu amezeeka, wala kwa sababu kijiji kizima chamjua. Atalipwa ikiwa kitambulisho chake cha taifa kinasema ana miaka 80. Na hapa ndipo penye msiba wetu.

Kumbukeni uandikishaji mkubwa wa vitambulisho ulioanza mwezi wa Aprili 2014. Waandikaji walikuwa vijana, mstari ulikuwa mrefu, na jua lilikuwa kali. Bibi aliulizwa mwaka wake wa kuzaliwa, akasema haujui, maana nani aliyemwandikia? Mwandikaji akamtazama uso, akakadiria, akaandika. Wengine waliandikiwa umri wa wadogo zao. Wengine, hasa wanaume, walijipunguzia miaka wenyewe kwa kutumaini kazi ya ulinzi, na sasa wanaijutia miaka ile. Hakuna aliyejua siku hiyo kwamba tarakimu zile ndizo zitakazosimama kati yake na chakula cha uzeeni. Matokeo yake ni kwamba mama na mwanawe wa kwanza huweza kuwa na kadi zinazoonyesha wamepishana miaka tisa, na hapana ofisa aliyelishangaa jambo hilo, mpaka siku ya malipo.

Jambo la pili ni majina. Mwanamke aitwa Khadija. Kadi yasema Hadija. Orodha ya gombolola yasema Adija. Na simu imesajiliwa kwa jina la mjukuu. Kwetu sisi ni mtu mmoja, lakini kwa mashine ni watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao anayestahili kulipwa.

La tatu nitalisema waziwazi, na Masheikh wanisamehe. Jirani zetu Wakristo wana vitabu vya ubatizo. Mzee wao akipata taabu ya umri huenda misheni, Padre akafungua kitabu kikuukuu, na mwaka ukaonekana kwa wino. Sisi tulifanya akika, tukachinja, tukaomba dua, tukampa mtoto jina zuri, na hatukuandika mahali po pote. Hata wale walioandika, karatasi zao zilipotea katika miaka ya 1979 na 1980, vita vilipotukimbiza Sudan na Zaire, na mtu hakubeba ila mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Tuliishi kule miaka mingi kwa posho ya wakimbizi, na mtakumbuka kwamba hata kule asiyekuwa na kadi hakupimiwa unga. Leo wageni wetu kutoka Sudan Kusini walioko Bidibidi tangu 2016, na Wakongo walioko Lobule tangu 2013, huandikwa mtu kwa mtu, na mtoto akizaliwa huongezwa katika karatasi ya nyumba. Isiwe mgeni ana hesabu ya nyumba yake, na mwenyeji hana.

Je, umri wa mtu asiye na cheti wapatikanaje? Kwa matukio. Mtu aliyezaliwa mwaka 1945, vita vya Hitler vilipokwisha na askari wa KAR wakaanza kurudi, alitimiza miaka 80 mwaka 2025. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Oktoba 1962 mtu huyo alikuwa na miaka 17. Basi muulizeni bibi: bendera ilipobadilishwa ulikuwa umeolewa? Ulikuwa na mtoto mkononi? Kama alikuwa na mtoto anayetembea siku ile, basi umri alioandikiwa wa miaka 68 ni uwongo dhahiri. Amin aliposhika Serikali tarehe 25 Januari 1971, huyo alikuwa na watoto wangapi? Nani waliotiwa jandoni pamoja na mumewe, nao wana miaka mingapi katika kadi zao? Maswali haya yakijibiwa mbele ya wazee wawili wa rika lake, yakaandikwa vizuri, yakatiwa sahihi ya Imamu na ya mwenyekiti wa kijiji, ni kitu cha kumwekea ofisa mezani. Hakilazimishi ofisi kukubali, lakini ni tofauti kubwa na mzee kwenda peke yake na kusema mimi ni mzee.

Hapa naomba tuelewane. Sisemi tuwaongezee watu miaka. Mwenye miaka 72 ana miaka 72, na anayetaka kumfanya wa 80 atafute chama kingine. Ushahidi wa uwongo ni dhambi kubwa, na fauka ya hayo ukigunduliwa mmoja, karatasi zote zenye sahihi ya msikiti wetu zitatupwa.

Yako pia mambo ya wajane. Mjane wa mwalimu, au wa askari, au wa karani, huweza kuwa na haki katika pensheni ya marehemu, na neno la kwanza atakaloulizwa ni cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa na Talaka za Waislamu ipo katika nchi hii tangu mwaka 1906, nayo yataka ndoa zetu ziandikishwe. Wangapi wetu tulioandikisha? Tulitosheka na mashahidi wawili, na mashahidi wale sasa wako kaburini.

Mwaka 2021, nchi ilipofungwa mara ya pili kwa Korona, Serikali ilipeleka shilingi 100,000 kwa njia ya simu kwa familia zilizopoteza riziki. Zilipewa Kampala, na majiji na manispaa, vijiji havikuhesabiwa. Hata mjini si wote waliopata, kwa kuwa fedha ilikwenda kwa aliyeandikwa katika orodha, mwenye kitambulisho, na mwenye simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Kuli wa stendi ya Arua aliyekuwa akitumia simu ya rafiki yake aliona wengine wakipokea. Shida nyingine itakuja, iwe ya ukame au ya maradhi, na orodha itatengenezwa kwa haraka vile vile.

Kuhusu mpango wa maendeleo wa parishi uliozinduliwa mwezi wa Februari 2022, nimeulizwa sana, nami nitajibu kwa ufupi. Huo si msaada wa bure. Ni mkopo: nyumba huweza kukopa hadi shilingi milioni 1, nao una nyongeza ya 6 katika mia kwa mwaka. Wako Waislamu walioukataa kwa kuogopa riba, na wako waliouchukua kwa kusema ni gharama ya kuendesha chama cha akiba. Mimi si mufti. Nawaachia Masheikh walitazame jambo hili na kutupa neno moja, si maneno matatu kama ilivyo sasa. Ila najua kwamba sheria ya mwaka 2016 iliruhusu mambo ya benki yaendeshwe kwa njia ya Kiislamu, na mwaka 2024 benki ya kwanza ya namna hiyo, Salaam Bank, ilifunguliwa Kampala. Basi kuiomba Serikali iweke njia isiyo na riba hata katika parishi si kuomba lisilowezekana, na ombi hilo linafaa litoke kwa Waislamu wa West Nile kwa maandishi.

Limebaki swali nililoletewa na Mweka Hazina wetu: mzee anayepata ile 25,000 ya Serikali, je, bado ana fungu katika zaka na zakatul fitri tunazokusanya? Wako waliosema ajitoe, awaachie wengine. Tuangalie walivyosema wanavyuoni. Qur'ani Tukufu imetaja makundi manane ya wanaostahili zaka katika Suratut Tawba, na imetofautisha fakiri na maskini. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema kwamba maskini ni mtu mwenye kitu kisichomtosha, na hoja yao ni kile kisa cha jahazi katika Suratul Kahf, ambacho kimewaita maskini watu waliokuwa na chombo chao baharini. Ikiwa mwenye jahazi aliitwa maskini, sembuse bibi mwenye 25,000 na wajukuu wanne? Basi asifutwe. Anayefutwa na aone ushahidi wa kufutwa kwake.

Na aibu je? Nimesikia watoto wakisema: baba yetu hawezi kupanga mstari pamoja na mafukara, watu watasema hatumtunzi. Nawaambia ndugu hao kwamba mzee huyo alilipa kodi ya kichwa tangu ujana wake mpaka mwaka 2005 ulipomkuta mzee. Anarudishiwa kidogo sana cha kile kilichokuwa chake. Aibu ni ya yule mjukuu anayempeleka babu yake kwenye malipo, akampokelea, na njiani akachukua nusu. Wapo. Nawaona mnatazamana.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Kamati imekwisha kubali mambo haya, nami natangaza tu. Yatafunguliwa madaftari mawili. La kwanza ni la wazee na wajane. Ndani yake litaandikwa jina la mtu kama lilivyo katika kadi, na chini yake jina kama linavyotamkwa nyumbani. Mwaka ulioko katika kadi, na mwaka uliopatikana kwa matukio. Majina ya mashahidi wawili wa rika. Na jina la kijana atakayemsindikiza ofisini, mwenye kusoma Kiingereza na mwenye subira. Chama kitalipa pikipiki ya mzee, kwenda na kurudi. Hapana mtu atakayetozwa hata senti moja kwa kuandikwa, na akitokea wa kutoza, aletwe kwa Mwenyekiti. Daftari hilo litafungiwa ndani ya kabati la msikiti, na ufunguo utakuwa kwa watu wawili, kwa sababu nambari ya kitambulisho cha mtu si kitu cha kuanikwa mbele ya kila mpita njia.

Daftari la pili ni la akika. Kuanzia mwezi huu, Imamu hataondoka penye akika kabla hajaandika jina la mtoto, siku aliyozaliwa kwa tarehe ya Kizungu na ya Kiislamu, majina ya baba na mama, na kijiji. Wazazi watapewa nakala, nao wataipeleka wakamwandikishe mtoto Serikalini wakati angali mchanga. Walimu wa madrasa wataandika na wale watoto ambao akika zao zilikwisha pita.

Akina mama nawaomba mtusaidie kwa jambo moja ambalo wanaume hatuliwezi: ninyi ndio mnaojua nani alizaa mwaka gani na nani alinyonyesha pamoja na nani. Bila ya kumbukumbu yenu daftari la wazee litakuwa tupu.

Tutaanza Ijumaa hii baada ya sala. Mwenye kadi aje nayo, hata kama imevunjika. Aliyepoteza aje na namba yake ikiwa aliiandika mahali. Mjane aje na karatasi yo yote ya marehemu, iwe barua ya kazi, au namba ya jeshi, au picha yenye maandishi nyuma. Mzee asiyeweza kutembea, jirani yake atupe habari, na vijana watamfuata nyumbani. Aliyekuwa na umri wa kuoa siku ya Uhuru na aanze yeye, kwa sababu yeye hana muda wa kungoja zamu.